Hesabu Haihami

Waya nimeuazima kwa shemeji Nibaldo,
mpana kichwani, wa zamani,
hauuzwi tena hapa Punta Arenas.
Kaniambia, Oriana, huu ukikatika tumekwisha.
Nje upepo unagonga mabati kama mdai.

Kicheza muziki cha baba kikaamka polepole,
skrini ina ufa wa usiku ule wa barafu
kilipomponyoka kwenye ngazi ya lori.
Kompyuta ikakitazama,
ikauliza kwa adabu ya karani:
“Nifute vilivyomo, kisha nilandanishe?”

Adabu gani hiyo!
Mgeni hajaketi, washamvua koti na viatu.
Nikabonyeza Ghairi.
Nikabonyeza tena, japo swali lilikwisha ondoka.

Nibaldo alikuwa amenionyesha mlango wa uani,
pale folda zilizofichwa zinapokubali kuonekana.
Hamsini. Na ndani yake nyimbo za baba
zimepokonywa majina, zimegawiwa herufi nne nne
kama wafungwa: KQZT, WPOA, JJLD.
Elfu mbili, mia tatu na kumi na sita.
Nikazikokota zote upande wa pili.
Mstari wa kijani ukajivuta, ukasimama, ukajivuta.
Nikachemsha chai, ikapoa.
Nikachemsha nyingine.

Nyingi zilivuka zikakumbuka majina yao.
Zilizosahau zikaandikwa Msanii Asiyejulikana,
na huyo, nikihesabu vizuri,
ndiye aliyeimba zaidi ya wote ndani ya lori lile:
magitaa ya kijijini, mapenzi ya walevi,
kwaya moja ya watoto isiyojua kumaliza.

Kisha nikaona safu ambayo sikuwahi kuisoma.
Imechezwa.
Mara tatu. Mara sita. Mara moja, tena nusu.
Na waltzi ya kodiani,
ile aliyoipigia mama mbinja akipiga pasi,
ile ambayo baba, kutoka sebuleni, aliitungia amri:
“Mwambie mama yako azime makelele hayo!”
Mara mia nne na kumi na mbili.
Mwisho: tisa Julai, saa kumi alfajiri.

Saa hizo husubiriwa kivuko cha Primera Angostura,
injini ikinguruma ili miguu isigande,
mlango-bahari umefungwa,
na mama yuko Osorno kwa dada yake mwaka wa kumi na moja.

Sijampigia simu.
Nitamwambia nini, namba?

Nikageukia kompyuta, nikaitafuta waltzi.
Imefika, nzima, haina hata mkwaruzo.
Safu ni ileile: sifuri.
Juu yake sifuri, chini yake sifuri,
kana kwamba hakuna aliyewahi kukesha nazo.

Nimeandika 412 kwa kalamu ya wino
nyuma ya risiti ya dizeli.
Nimeibandika mgongoni mwa kicheza muziki,
na gundi haishiki vizuri kwenye chuma.

Nibaldo anautaka waya wake Jumamosi.