Gita la Rial Nane

Nimelinunua Wadi Kabir, Ijumaa asubuhi,
kabla jua halijawasha mabati ya magari mitumba,
kwa Mfilipino mmoja, Rodel, anayerudi kwao Jumapili.
Alisema kumi na mbili. Nikasema sita.
Tukakutana kwenye nane, na mkoba uliochanika akanipa bure.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hili halikujiuza wala halikutembea:
lilikuwa limeegemea friji bovu
likingoja mtu mwenye ugonjwa wangu.

Zuwena kafungua mlango, kalitazama,
kisha kanitazama mimi.
"La ngapi hili?"
Nikasema la tano.
Ni la saba. Mawili yako uvunguni,
hayahesabiwi mpaka yapone.

Basi sikilizeni maradhi yake.
Vigingi vinateleza kama mashahidi wa uongo:
kaza uzi wa kwanza, wa tatu unalegea kwa wivu.
Nyuzi zimenyanyuka juu ya shingo
hata kidole kikizibana kinatoka na mfereji.
Daraja limebanduka gundi. Nani aliyeliacha
ndani ya gari, Ruwi, Agosti, saa nane mchana?
Uso ni plaiwudi iliyopakwa rangi ya msandali,
na rangi yenyewe inatoka kwa jasho.

Sijapata kufurahi hivi tangu nistaafu.

Lile la dukani, Qurum, rial mia na themanini,
lililowashiwa taa yake peke yake,
nililishika siku moja. Likaimba vizuri.
Nikalirudisha ukutani. Halikuwa na haja nami.

Vigingi vipya: rial tano, kwa Biju,
mwenye duka jembamba kama mfuko wa kanzu.
Nyuzi: mbili na nusu.
Gundi na misasa: tatu na nusu.
Tupa ndogo ndogo, za kuagiza Dubai: kumi na mbili,
hizo Zuwena hakuambiwa siku ile.
Na kile kiplastiki cha kichwani, nyuzi zinapopandia,
nimeking'oa nikachonga kingine
kwa mfupa wa mbuzi wa shuwa ya Idi,
niliouficha kwenye friza hata akalaumiwa paka.
Siku tatu za tupa. Vumbi lanuka kama kwa daktari wa meno.
Vijifereji sita, kila kimoja kwa unene wa uzi wake;
ukizidisha unywele mmoja, umerudi kwa mbuzi.

Usiku wa nne nikaingiza tochi tumboni mwake
na kile kioo kidogo cha wanja cha Zuwena,
kutafuta ubavu uliolegea.
Ubavu nikauona. Na penseli nikaiona:
safu ya miezi, miaka miwili,
na mbele ya kila mwezi hesabu, 85, 85, 40, 90,
ila mwezi mmoja hauna hesabu, una neno
la lugha nisiyoijua, limepigiwa mstari mara mbili.

Nikagundisha ubavu.
Pale msasa sikuupitisha.

Zuwena kajumlisha nyuma ya bili ya umeme.
Tupa kazijua; sijui nani kamwambia.
"Thelathini na moja! Kwa gita la nane!"
Nikasema najua.
Ningemwambia na hili, lakini analijua:
nilipofika nchi hii, mtoto wa miaka kumi na moja,
nami nilibadilishwa nyuzi.
Lugha ya darasani, vazi, jina la ukoo likarudishwa mahali pake,
mwalimu akikaza, akikaza.
Mbao hawakuigusa. Nikiumwa usiku
naugulia kwa Kiswahili.

Jana nimelipiga, sebuleni, kiyoyozi kimezimwa.
Sauti bado ya boksi.
Lakini boksi lililosoma.
Zuwena alisimama mlangoni na taulo begani
mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza.
Akasema, "Na yale mawili ya uvunguni,
unayaanza lini?"