Kuomba Udongo

Usije na trekta Jumamosi, Shemdoe.
Ua wa mipungate pale mpakani usiuguse.
Najua tofali umeshazilipia,
najua ukuta una heshima yake,
ila ngoja kwanza nikueleze
nilivyokwenda kuomba.

Vile viganja mia mbili nilivyopanda masika ya mwaka juzi
vilikaa kama wageni wasioambiwa karibu:
wamesimama, mikono juu,
hawali, hawaagi.
Vumbi la chokaa la hapa Pongwe likavipaka poda.
Nikavimwagia mbolea yako ya mfuko.
Vikanenepa wiki tatu, laini, vinang'aa,
kisha vikaoza shingoni, kimoja kimoja,
nami navihesabu asubuhi
kama mtu anayehesabu deni.

Na ua wa mama,
usiopewa hata maji ya kuoshea vyombo,
umezaa mapungate mekundu hadi ndege wanachagua.

Basi nikachimba pale chini,
si kwa jembe, kwa upawa wa pilau.
Mizizi haikuwa peke yake.
Ilikuwa imevaa nyuzi nyeupe, nyembamba,
singa ya mkonge mbele yake ni kamba ya nanga.

Nakijwa, yule binti wa ugani,
akapiga magoti, akanusa, akasema: kuvu.
Nikarudi nyuma.
Kuvu kwetu ni mkate ulioharibika,
ni kanga ya msiba iliyosahauliwa sandukuni.
Akacheka. Hii, akasema, inakwenda pale mzizi usipofika,
inarudi na tone la maji, na chumvichumvi ya mwamba,
na mpungate unailipa kwa sukari.
Biashara ya gizani, Shemdoe,
haina risiti na hakuna aliyedhulumiwa.

Halafu akaongeza, huku akijifuta magoti:
mmea ukiushibisha mno
hautafuti jirani.

Nikanyamaza.
Nilikumbuka mfuko wako.
Nikakumbuka na mengine.

Unalikumbuka jiko letu kambini Kigombe?
Mama alitutuma na kigae: kaombeni moto kwa mama Kiheri.
Tukarudi na kaa moja,
wewe unalipuliza, mimi nalikinga upepo kwa gauni,
na jiko la mama Kiheri halikupungua kitu.

Ndivyo nilivyoubeba udongo wa ua,
ndani ya sufuria, juu yake gunia bichi:
kaa jeupe, la baridi,
lisilotaka kupulizwa.

Mboji nilikuwa nayo.
Makapi ya korona
(ile ya kukamua mkonge, usianze kutafuta barakoa),
maganda ya machungwa ya Muheza, samadi ya mbuzi,
nikaigeuza miezi minne
mpaka ikaacha kutoka jasho,
mpaka mkono ukizama haushtuki.
Kila shimo konzi moja, basi.
Na upawa mmoja wa ua.
Viganja nikavianika kivulini kwanza, kidonda kikauke,
kisha nikavisimamisha, nikaondoka.
Hilo la kuondoka ndilo lililonishinda zaidi.

Sikudanganyi: arobaini vimekufa.
Safu ya mwisho, karibu na machimbo, sijui ina nini.
Lakini juzi, safu ya tatu,
kiganja cha saba kutoka njiani
kimetoa kidole.
Kidogo, kijani, chenye vijiba visivyochoma bado.
Nimekwenda kukitazama mara tano
na chai ikapoa mara tano.

Kwa hiyo ukuta wako, ukitaka, usogeze hatua nne,
huko kwenye mawe matupu.
Na kama ni lazima uupitishe hapo hapo,
kama ramani ya mpima ardhi haisikii la mtu,
sawa, mpaka ni wako pia.

Ila trekta liache barabarani.
Uje kwanza kwa miguu,
na kigae.