Vijiti

Kwenye simu yangu sauti ni vijiti,
virefu, vifupi, virefu tena,
kama mshono wa mwanafunzi
siku yake ya kwanza cherehanini.

Kundi la mtaa, Wete, watu mia na tisa.
Bi Mgeni katuma vijiti vya dakika mbili.
Wakamjibu vijiti juu ya vijiti,
mmoja tu akaandika: Amin.
Nami nikatuma ua,
nikidhani harusi.

Alasiri walimzika Mize, shoga yangu.
Mimi nilikuwa napiga pasi buibui lake.

Sasa nimefungua kundi jingine, dogo.
Mlangoni nimeandika:
Andika. Au washa taa, uso uonekane,
mikono isikatwe na ukingo wa kioo.
Msiba uanze kwa jina.

Jana kaingia Bi Mgeni.
Kaandika kwa kidole kimoja,
*nisameh mwanangu*,
kisha akajipiga video dirishani, jua usoni,
akitafuta ishara ya Mize:
kidole shavuni, palipokuwa na kishimo.

Kakosea shavu.
Nimemtazama mara sita.
Sijamsahihisha.