Mkono Kiziwi

Sisi husema nasikia baridi, nasikia moto,
kama vile ngozi nzima ni sikio.
Bibi Nangomwa, mbanguaji wa korosho,
siku moja alinusa nyama inaungua
akauliza nani anachoma nini.
Kilikuwa kidole chake.

Miaka kumi na tisa baadaye niko Newala,
chumba kimoja nyuma ya bohari ya dawa.
Ukungu umelala mlangoni kama mbwa wa jirani,
na ndani ya kabati la chuma, nyuzijoto thelathini na saba,
nafuga kile kilichomtoka Bibi:
si neva yenyewe, la,
ni seli zinazoivisha neva.
Waya una mpira wake; neva ina hizi.

Nilizitoa pajani mwa panya mweupe,
katika uzi mmoja mnyonge, rangi ya maziwa,
niliouchambua kwa vibano viwili, pumzi nimeibana,
hadi shingo ikakakamaa.
Nikaziandalia mchuzi: sukari, chumvi, seramu ya ndama.
Dakta Chinguile akacheka:
"Wageni wako wanakula vizuri kukushinda."

Siku ya nne, magugu.
Seli nyingine, pana, zenye pupa,
zikatambaa sahanini kama kwekwe kwenye mihogo iliyoachwa.
Nikapalilia kwa dawa, tone, tone,
nikaua na zangu nyingi.
Siku ya saba umeme ukakatika saa nane usiku;
nikaipakata sahani tumboni, ndani ya sweta na kanga mbili,
nikimtukana mlinzi aliyesahau dizeli.

Leo, chini ya hadubini, tazama:
nyembamba, ncha huku na huku, ubavu kwa ubavu,
dagaa waliogeukia mkondo mmoja.
Ndimo humo, ndani ya nyumba hizi nyororo,
kijidudu cha ukoma hupanga bila kubisha hodi,
hakilipi kodi,
na polepole huuvua waya nguo zake.
Kinaingiaje? Mlango upi?
Daftari langu lina kurasa tisini za sijui.

Jana Bibi alipiga simu.
"Hao wadudu wako wanasemaje?"
Bado, Bibi. Wanajipanga tu.
Akanyamaza. Nikasikia chai ikimiminwa,
kisha sauti yake, mbali kidogo na simu,
ikimwambia mtoto wa dada
aguse kikombe kwanza,
aseme kama ni moto.