Rola ya Tatu

Ilka amezima taa. Sasa mikono ndiyo macho.
Mashine kuukuu inakohoa, inatulia,
na utando wa jelatini, mifupa ya ng'ombe na chumvi ya fedha,
unatambaa juu ya plastiki,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Dezső ana miaka themanini na mmoja.
Kiwanda kilipofungwa alipewa saa ya ukutani,
akaenda kufuga nyuki.
Kisha binti huyu akabisha hodi, kakumbatia rola yenye kutu
iliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu:
"Hii ilikuwa ikizunguka upande gani?"

Juzi mita mia tatu zimeharibika. Kiputo kimoja tu.
Fedha imepanda bei; fedha za kuinunulia hakuna.
Na barua imetoka Osaka: michirizi mbinguni,
juu ya kichwa cha bibi harusi.
Mteja karudishiwa chake.
Mwezi ule Ilka alilipwa asali.

"Sikiliza," Dezső anasema gizani.
"Ikienda sawa inanong'ona,
kama maziwa jikoni kabla hayajafura."

Wanasikiliza.
Nje, theluji na Danubi, na mwanga mwingi usiohitajika bado.

Filamu ikakauka. Wakakata kipande, wakampiga picha mbwa wa jirani.
Ndani ya beseni akaja polepole: sikio, pua,
halafu mkwaruzo, kutoka mkiani hadi ukingoni.

Ilka akainamisha kichwa.
Dezső akacheka hadi akakohoa.
"Huo naujua! Ni wa rola ya tatu.
Nimeuacha hapo nikiwa kijana."