Moja kwa Sita

Mtutu wangu hauna tundu.
Naanzia hapo kila mgeni anapouliza,
kabla hajaketi, kabla ya chai:
ni kipande cha shaba, kizima, cha kitasa kilichokufa,
nimekidonoa ncha tu, kina cha punje ya mtama,
jicho lidanganyike, risasi isipate njia.

Mchana natengeneza cherehani Shauri Moyo.
Usiku, Ndinda akishalala, natandika gazeti
juu ya meza ya jikoni, nabana jiliwa dogo,
na dunia inapungua mara sita.
Springi ni ya kalamu iliyokauka wino.
Skrubu ni za saa ya marehemu shemeji.
Kitako ni mninga, niliuomba kwa fundi wa vitanda,
nikaupaka maji ya majani ya chai mara tatu,
kisha rangi ya viatu, ya kahawia,
kisha nikausugua kwa kidole gumba
hadi ukaonekana kama umewahi kubebwa.

Ndinda hapendi. "Wenzako wanachonga twiga," anasema,
"twiga ana soko."
Simjibu kwamba twiga hana kifyatulio,
hana kile kijiti chembamba kama mguu wa siafu
ambacho ukikigusa kwa sindano, ndani, kitu kinasema tik.
Tik, basi, na hakuna anayeanguka.
Kwa tik hiyo nimekesha miezi miwili.

Ninazo kumi na moja, kabatini, kati ya vikombe vya wageni.
Gobore, refu kama mwiko wa ugali.
Bunduki ya Keya, mkanda wake nimeukata kwenye ulimi wa kiatu.
Na ile ya msituni, ya bomba la maji na komeo la mlango,
iliyonitesa kuliko zote maana haikuwa na mchoro,
kila fundi aliifua kwa alichofanikiwa kuiba.
Wangeci wa nyumba ya tatu alikuja kuomba chumvi,
akaiona, akainama.
"Mpira uko wapi?"
Mpira gani?
"Wa tyubu ya baiskeli. Ndio uliovuta komeo.
Bila mpira, hilo ni komeo tu."
Akachukua chumvi yake akaenda.
Nilikata utepe kwenye glavu ya kuoshea vyombo.
Ndinda bado anaitafuta.

Juni, mtu alinichongea.
Koplo Mwachiro alibisha saa mbili usiku,
akaingia na yake begani, ya kweli, kilo nne na ushee,
akataka kuoneshwe silaha.
Nikamletea kwenye sahani.
Aliinua moja kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mwiba,
akachungulia mtutu, akapuliza.
Pumzi ikamrudia usoni.
Akaomba rula. Akaandika: sentimita kumi na saba.
Akafuta.
Akacheka, akanywa chai, akaongeza sukari, akanywa tena,
na mlangoni, bila kunitazama:
"Nifanyie hii yangu."

Niliipima palepale kwa uzi wa cherehani,
urefu, unene, umbali wa kifyatulio hadi kitako,
nikifunga fundo kwa kila kipimo.
Lakini macho yalikwenda yenyewe kwa yale yasiyopimika:
pale shavu linapoegemea pameng'aa,
mkanda una kiraka cha kitambaa cha kanga,
na kile kilimi cha usalama, cha kusogezwa kwa kidole gumba,
kimechubuka rangi mpaka chuma cheupe.

Miezi mitatu sasa. Mtutu tayari, umezibwa.
Kitako tayari. Hata kiraka, nimekipata,
ua jekundu, nusu ya petali.
Kilimi kipo, cheusi, kipya, kama kimetoka kiwandani jana.
Jumanne anapita, anauliza imefika wapi.
Namwambia rangi haijakauka.
Kitu hakichubuki kwa kukaa, najua, naye anajua,
na fundi mwaminifu huiga hata kovu.
Nashika msasa. Nauweka.
Kutoka chumbani Ndinda anauliza
kwa nini taa bado inawaka.