Doa Lililotulia

Mjomba Masalu hunyoosha rimu Igoma, mkabala na mashine ya kusaga.
Huipindua baiskeli, kiti chini, magurudumu juu,
husukuma kwa kidole kimoja
na kutazama kama mtu anayesikiliza.
"Usinionyeshe linavyozunguka," husema.
"Kila kitu huzunguka. Nionyeshe ekseli."

Sikumwelewa.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, mpira wa njano
wenye mshono mwekundu, na mkono uliozunguka begani kama pangaboi
hadi ukagusa nyonga, pap!
Mpira ukatoka chini chini, ukapiga glavu ya Nkwimba,
na jiwe kubwa la Nyegezi nyuma yake likaitikia.

"Huo ndio wa kupanda," nilijigamba.
Miezi minne nilirusha wa kupanda.

Haukupanda.
Ulivuma, ulizunguka hadi ukalia,
lakini ulinyooka kama karani anayewahi ofisini,
na wasichana wa Bwiru wakaupokea kwa magongo yao
wakaupeleka kwenye mahindi ya watu.

Nkwimba akaiba rangi ya kucha ya dada yake, zambarau.
Tukautia madoa kila upande,
mpira ukaugua tetekuwanga.
"Rusha."
Nikarusha. Hakusema kitu.
"Tena."
Mara ya tano akavua barakoa ya chuma, jasho puani:
"Madoa yote yanageuka duara, isipokuwa moja.
Moja limetulia. Linanitazama usoni
kama jicho la kenge."

Hapo mjomba akanijia kichwani na grisi zake.
Ekseli yangu ilikuwa imelala kutoka kwangu hadi kwa Nkwimba.
Mpira ulikuwa keekee: keekee huzunguka kuliko vyote
na haiendi popote ila mbele.
Hewa haikuwa na pa kuushika.

Nilitaka ekseli ilale kulia na kushoto,
kama ya baiskeli inayokujia,
ila gurudumu lirudi kinyumenyume.
(Likienda mbele, mpira huzama.
Ekseli ikisimama wima, mchi ndani ya kinu, mpira hukata kona.
Haya niliyajua baadaye, moja moja, kwa maumivu ya kiwiko.)

"Kiganja chako kinazungusha kitasa," Nkwimba alisema.
"Acha kufungua mlango. Kwangua ukoko.
Vidole vipite chini, sufuria ni ya watu."

Wiki tatu nilikwangua.
Mipira ilinifia miguuni, mingine ikaruka jiwe,
mmoja ukaingia ziwani kwenye magugu maji
na kijana wa mtumbwi akaurudisha kwa shilingi mia tano,
baada ya kuulizia kama ni tunda.

Alhamisi moja Nkwimba aliinua glavu,
kisha akaiinua tena, haraka,
mpira ukamgonga kwenye ncha ya vidole.
"Doa?"
"Halipo mbele. Yako mawili, moja kila upande,
kwenye masikio ya mpira."
Akanyonya kidole chake, akicheka.

Nilipomsimulia mjomba akauliza: "Kwa hiyo sasa unapanda?"
Nikamwambia kweli. Haupandi.
Unachelewa kushuka,
na anayepiga huwa ameshaamua utakapokuwa.

Akauchukua ule wa madoa,
akaushika masikio kwa kidole gumba na cha kati,
akausukuma kwa mkono wa pili, akainamisha kichwa.
"Unayumba kushoto," akasema,
na kuanza kupapasa chini ya benchi akitafuta spana.